Kina na Mlingano wa Sauti: Ushairi wa Kiingereza katika Sikio la Nunguni

Katika ufundishaji wa ushairi, neno "kina" limezoezwa kubeba mizigo miwili: kanuni ya shairi la Kiswahili na kanuni ya beti za Kiingereza. Tafsiri hiyo ni nyepesi mno. Madhara yake huonekana waziwazi mahali kama Nunguni, katika vilima vya Kilungu huko Makueni, ambako mwanafunzi huingia darasani na Kikamba chake, kisha akatakiwa kuzipima tungo za lugha mbili nyingine kwa istilahi moja.

Kanuni ya Kiswahili, ambayo Kaluta Amri Abedi aliifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1954, ni bayana. Kina ni silabi ya mwisho yenye konsonanti na irabu zile zile. "Kata" na "leta" zina kina kimoja. "Kata" na "kaka" hazina, ijapokuwa irabu zao zote zafanana. Kiingereza kinashika njia nyingine. Mlingano wake huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno, na konsonanti inayoitangulia irabu hiyo sharti itofautiane. Hivyo "see", yaani kuona, na "tree", yaani mti, hulingana. Bali "nation", taifa, na "portion", fungu, hazilingani, japo silabi zao za mwisho ni moja. Asili ya tofauti hii ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kina hukaa nje yake. Katika Kiingereza mlingano huanzia pale pale penye mkazo.

Mwanafunzi wa Nunguni atungapo Kiingereza kwa kanuni ya kina, ni rahisi kuhukumiwa kwamba hana sikio. Hukumu hiyo si ya haki. Kikamba kina irabu saba, na urefu wa irabu waweza kubadili maana. Kiswahili kina irabu tano tu. Sikio lililolelewa hivyo halishindwi kufunzwa tofauti ya "ship", meli, na "sheep", kondoo, iwapo mwalimu ataanza na sauti badala ya herufi. Herufi za Kiingereza hudanganya: "love", upendo, na "move", kusogea, huandikwa kwa mwisho mmoja lakini hazilingani. Ugumu wa kweli uko kwingine. Kikamba hakina sauti ya "r". Kwa hiyo "light", nuru, na "right", haki, huweza kuwa neno moja kinywani, na mlingano ukageuka kuwa marudio.

Hata hivyo, sauti peke yake haitoshi. Mhakiki Mmarekani W. K. Wimsatt alionyesha mwaka 1944 kwamba nguvu ya mlingano hutokana na maneno yanayokaribiana kwa sauti huku yakiachana kwa maana. "Womb", tumbo la uzazi, hukutana na "tomb", kaburi. "Breath", pumzi, hukutana na "death", kifo. Maisha yote ya binadamu yamo kati ya maneno mawili.

Kipimo hiki chafaa kurudishwa kwenye Kiswahili pia. Viambishi kama "-wa", "-ia" na "-ni" humpa mtunzi vina bila jasho. Shairi ambalo vina vyake vyote ni vya kiambishi kimoja si guni kwa sheria, lakini laweza kuwa guni kwa fikra.

Basi yafaa "kina" kibaki cha Kiswahili, na Kiingereza kipewe "mlingano wa sauti". Mwanafunzi afunzwe kwanza kusikia, kisha aulizwe maneno hayo mawili yamekutanishwa kwa sababu gani. Asiyeulizwa swali hilo atahesabu silabi maisha yake yote asisome shairi hata moja.