Volkano Ndani ya Muhuri

Ukisimama Mugunga, pembeni mwa mji wa Goma, kando ya barabara ya Sake, ukatazama kaskazini-mashariki, volkano ya Nyiragongo haifanani na ile inayochorwa vitabuni. Wengi huchora pembetatu iliyokatwa ncha, moshi juu, basi. Mlima wenyewe una bega: Shaheru, kreta ya zamani iliyoko upande wa kusini, ambayo kutoka Mugunga hujitokeza kulia. Ukiwa katikati ya mji wa Goma, bega hilo liko mbele ya mlima, nao mlima unalimeza. Kwa hiyo mwanafunzi wa usanifu anayetaka kuitia Nyiragongo kwenye nembo ana jambo la kuamua kabla hajawasha kompyuta: anautazama mlima akiwa wapi?

Tuseme amepewa nembo ya programu ya masomo ya volkano katika chuo kikuu kimoja cha Goma. Ni mji unaostahili masomo hayo. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ikaingia Ziwa Kivu, na Mei 2021 ikashuka tena, ikasimama si mbali na uwanja wa ndege. Mugunga yenyewe imekaa juu ya lava ya kale. Aliyewahi kuchimba choo pale ameonja jiolojia kabla ya kukanyaga darasani.

Rasimu za kwanza huwa zimejaa. Kuna kitabu kilichofunguliwa (sijui nani alitunga sheria kwamba chuo bila kitabu si chuo), mwenge, ramani ya Kongo, gorila wa Virunga, chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), ziwa, na jina refu la programu kwa Kifaransa limezungushwa kwenye duara. Kila mjumbe wa kamati ana chake anachotaka kiingie, na mwanafunzi, kwa adabu, anakiingiza. Ufundi ninaouheshimu huanza pale anapopata ujasiri wa kutoa. Gorila anaondoka kwanza, maana ana kazi nyingine mjini. Mwenge unafuata. Kitabu ndicho kigumu kuondoa, kwa sababu kina watetezi.

Ukibaki mlima peke yake, ndipo kazi hasa inapoanza. Kwenye kompyuta, mstari wa mlima hushikiliwa na nukta, na anayeanza huzimwaga nyingi, akidhani wingi ndio uaminifu. Matokeo yake ni mlima wenye vinundu. Aliyekomaa huzifuta moja moja, akisimama kila mara kuangalia kama mteremko bado unapumua. Nukta mbili zinabaki kwenye ukingo wa kreta, moja kwenye shingo inayoshuka kabla ya Shaheru, moja juu ya bega, na moja kila upande chini. Akikosea ile ya shingoni kwa unywele tu, bega linageuka nundu ya ngamia. Hapo mtu anaweza kumaliza alasiri nzima, na asiyejua atadhani amekaa bure.

Kisha unakuja mtihani ambao Kongo haukwepeki: muhuri. Karatasi isiyo na muhuri haina uso mbele ya ofisi yoyote. Nembo inapunguzwa mpaka ienee kwenye duara la sentimita tatu, wino wa rangi moja, halafu inatolewa fotokopi, na fotokopi ya fotokopi. Rangi nyekundu ya lava, iliyopendeza sana kwenye skrini, inakuwa kijivu. Moshi unakuwa doa. Mwenye akili hauchori moshi. Anaacha pengo jeupe juu ya kreta, na jicho linalijaza lenyewe.

Wanafunzi wameshawahi kufika mbali kwa njia hii ya kupunguza. Mwaka 1970 Gary Anderson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, alishinda shindano kwa mishale mitatu inayofuatana, ambayo leo iko chini ya chupa za plastiki duniani kote. Mwaka uliofuata Carolyn Davidson, aliyekuwa akisomea usanifu Portland State, alilipwa dola 35 kwa mkato mmoja ambao Nike bado inauvaa. Michoro yote miwili ingepita kwenye muhuri bila shida.

Baada ya muhuri kuna ukuta, ambako nembo itachorwa kwa mkono. Mchora vibao hana nukta wala skrini. Ana brashi, ndoo ya rangi na ukuta wa mawe ya volkano yenye matundu, unaokunywa kila mstari mwembamba. Mwanafunzi makini humwonyesha rasimu kabla ya kuipeleka kwenye kamati, na akiambiwa mstari wa bega ni mwembamba, anarudi kuunenepesha.