Kadirio na Takribu: Tahakiki ya Istilahi Moja ya Fizikia

Mijadala yetu juu ya istilahi za sayansi aghalabu huhusu majina ya vitu: atomi, nishati, hadubini. Majina ya hoja hayajachunguzwa vya kutosha. Neno tunalokusudia kulihakiki hapa ni 'kadirio', na tutalipima katika nadharia ya mtawanyiko wa elektroni ndani ya hadubini ya elektroni, hususa mtawanyiko ambao elektroni hupoteza sehemu ya nishati yake inapopenya sampuli. Upotevu huo humjulisha mtafiti elementi zilizomo.

Kadirio la mavuno hutolewa na mtu asiyejua hesabu kamili. Mwanafizikia hafanyi hivyo. Yeye huacha sehemu ya tatizo kwa makusudi, kisha hutaja sharti linalomruhusu kuiacha. Ni kama mpimaji anayefuta kilele cha pishi, akijua alichofuta. Mnamo 1926 Max Born alichukulia kwamba wimbi la elektroni huifikia atomi kana kwamba halijavurugwa nayo. Hatua hiyo hufaa elektroni ikiwa na kasi kubwa na atomi ikiwa nyepesi. Juu ya msingi huo Hans Bethe alijenga nadharia yake ya mwaka 1930. Aidha, pembe ya mtawanyiko ikiwa ndogo, elektroni huchukuliwa kuwa huiathiri atomi karibu sawa na nuru. Pembe ikikua, ulinganifu huo huvunjika. Hakuna kukisia hapo: kila hatua imefungwa na sharti lake.

Huenda ikadaiwa kwamba tunabishana juu ya maneno matupu. Natutazame grafiti. Kwa kuwa imejengwa kwa matabaka, upotevu wa nishati unaopimwa hubadilika sampuli inapoinamishwa. Lakini iko pembe moja ya kupokelea elektroni ambapo mwinamo hauleti tofauti. Nadharia iliyotumika ilitoa pembe iliyokaribia maradufu ya ile iliyopimwa. Elektroni iliyoharakishwa kwa volti 200,000 huenda kwa takriban asilimia 70 ya kasi ya nuru. Tungamo lake na urefu wa wimbi lake vilirekebishwa kwa kanuni za Einstein, lakini nguvu baina yake na atomi ilihesabiwa kana kwamba kasi hiyo ni ndogo. Katika miaka ya 2004 na 2005 Schattschneider, Hébert na Jouffrey walionyesha kwamba tofauti ilitokana na sehemu hiyo iliyoachwa.

Msomaji aliyefunzwa kwa neno 'kadirio' angetafuta kosa katika vipimo au katika hesabu. Swali lililofaa ni jingine: ni nini kilichoachwa, na je, sharti la kukiacha lingalipo?

Kwa sababu hiyo twapendekeza 'takribu'. 'Takriban' ni letu tangu zamani, na shina lake ndilo la 'karibu'. Hatuna ugomvi na atakayechagua 'ukaribiaji'. Ugomvi wetu ni na desturi ya kulitwisha neno moja dhana mbili. Kadirio hutokana na kutojua. Takribu hutokana na kujua. Mwanafunzi asiyetenganishiwa mambo haya atayakariri majibu ya fizikia bila kujua yanakomea wapi.