Nani Ameandika? Uhakiki wa Istilahi za Utungaji wa Programu

Istilahi haina kazi ya kutaja kitu tu. Aghalabu hugawa pia kazi na dhamana. Jambo hili limedhihirika tangu vyombo vya akili mnemba vilipoingia katika utungaji wa programu za kompyuta. Hadi sasa mjadala wetu umeelekea zaidi kwenye jina la akili yenyewe: wengine husema mnemba, wengine unde, na wengine bandia. Mjadala huo una haki yake, lakini umetusahaulisha vitenzi. Nasi twaona kwamba hatari kubwa zaidi imo katika vitenzi.

Hii si mara ya kwanza kwa mashine kupokea sehemu ya kazi ya mtunga programu. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, ilimwezesha mtu kuandika kwa alama zilizo karibu na hesabu za kawaida, na programu maalumu iitwayo kompaila ikazigeuza kuwa amri za mashine. Hata hivyo kompaila hufuata kanuni zilizowekwa. Vyombo vya leo havifanyi hivyo. Hivyo hukisia mfuatano unaoelekea kufaa, kutokana na mifano mingi mno vilivyofunzwa. Ombi lile lile laweza kuleta majibu mawili tofauti, na jibu la makosa huweza kuvaa nguo nzuri sawasawa na jibu sahihi. Kwa sababu hiyo kazi ya mtunga programu inahama: anaandika kidogo, na anasoma na kupima zaidi.

Tuanze na jina la Copilot, chombo cha GitHub kilichotolewa kwa majaribio mwezi Juni 2021 na kufunguliwa kwa watumiaji wote Juni 2022. Tukilifasiri jina hili neno kwa neno twapata "rubani mwenza". Fasiri hiyo ni sahihi kwa msamiati, lakini yapotosha dhana. Rubani mwenza ana leseni, huwajibika mbele ya sheria, na ndege ikianguka naye yumo ndani. Chombo hiki hakina hata moja kati ya hayo. Jina la biashara na libaki kama lilivyo. Lisigeuzwe kuwa istilahi ya jumla.

La pili ni kitenzi "kuandika". Magazeti husema, "Akili mnemba imeandika programu." Kiswahili hutofautisha kuandika na kutunga: mtunzi huweza kuimla shairi, karani akaliandika, na shairi likabaki la mtunzi. Lakini hapa karani huleta na beti zenyewe, ilhali anayeitwa mtunzi pengine hakuzisoma. Mwezi Februari 2025 Andrej Karpathy alivumisha msemo wa Kiingereza unaotaja namna hiyo ya kuunda programu kwa kufuata hisia tu, mtu akiikubali kazi ya mashine bila kuikagua. Anayefanya hivyo tumwite nani? Kumwita mtunzi ni kumpa heshima asiyoistahili. Kusema mashine ndiyo iliyoandika ni kumwondolea lawama inayomstahili.

Kosa la tatu ni kuviita vyombo hivi "viharakishi vya kazi", kana kwamba jambo hilo limekwisha kuthibitishwa mahali pote. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, watunga programu 95 walipewa kazi moja ya kuunda seva kwa lugha ya JavaScript. Waliotumia Copilot waliimaliza kwa muda pungufu kwa asilimia 55.8. Lakini mwaka 2025 shirika la METR liliwapima wazoefu 16 katika kazi 246 za miradi waliyoifahamu vizuri. Kwa vyombo vya mwanzoni mwa mwaka huo, walichukua muda zaidi kwa asilimia 19, na baada ya kumaliza bado waliamini kwamba wameokoa asilimia 20. Tofauti ya kazi, ya watu na ya vyombo ni kubwa kati ya majaribio hayo mawili. Basi istilahi isitoe hukumu ambayo ushahidi haujaitoa.

Twapendekeza vitenzi vinne. Mtu "huagiza". Chombo "huzalisha", kama vile mtambo uzalishavyo umeme, na hakuna audhaniaye mtambo kuwa na nia. Mtu "hukagua", kisha mtu "huidhinisha". Mwalimu atakayevitumia ataweza kumwuliza mwanafunzi ni hatua ipi aliyoifanya mwenyewe. Mtumishi wa serikali anayeandaa mkataba wa mfumo wa malipo ataweza kudai jina la aliyekagua na la aliyeidhinisha. Mfasiri naye, ambaye siku hizi hupewa tafsiri ya mashine aisahihishe kwa ujira mdogo, atalitambua tatizo hili kuwa ni lake pia.

Huenda ikasemwa kwamba vitenzi vinne ni vingi mno ambapo Kiingereza hutosheka na kimoja. Sisi hatulazimiki kuurithi utata wa lugha nyingine pamoja na vyombo vyake. Siku mfumo utakapokosea hesabu ya mshahara wa mtu, yeye atataka kujua nani aliyeidhinisha, na lugha yetu haina budi kuwa na neno la kumjibu.