Maneno ya Tituba na Kalamu za Makarani

Kitabu cha kumbukumbu za mashtaka ya uchawi ya Salem, katika koloni la Massachusetts, kilichohaririwa na Bernard Rosenthal pamoja na wenzake na kutolewa mwaka 2009, chastahili kusomwa na wanaisimu kama kisomwavyo na wanahistoria. Miongoni mwa wahariri wamo wataalamu wa historia ya Kiingereza, na kazi yao yaonekana.

Mkusanyo wa Paul Boyer na Stephen Nissenbaum wa mwaka 1977 ulitegemea nakala zilizopigwa taipu mwaka 1938, nao ulipanga hati kwa majina ya washtakiwa. Rosenthal na wenzake wamezirudia hati zenyewe, wakazipanga kwa tarehe, na kutambua, kila ilipowezekana, mwandiko ni wa nani. Hasara yake ni kwamba kesi ya mtu mmoja hutawanyika kurasa nyingi. Lakini faida yapita hasara.

Na tutwae mfano wa Tituba, mtumwa wa mchungaji Samuel Parris. Alihojiwa tarehe 1 Machi 1692 mbele ya mahakimu John Hathorne na Jonathan Corwin. Hakuulizwa tu kama amewaumiza watoto. Aliulizwa kwa nini anawaumiza. Swali la namna hiyo limekwisha kuhukumu kabla ya jibu. Alikana kwanza, kisha akakiri. Ezekiel Cheever aliyaandika maneno yake kwa ufupi. Corwin aliyaandika kwa urefu, akaendelea hata siku ya pili. Ni katika maandishi ya Corwin tunapokuta habari ya kitabu cha Shetani chenye alama tisa. Waliokuwa wamekamatwa ni wanawake watatu tu. Alama tisa ziliwapa mahakimu sababu ya kuwatafuta wengine. Kabla mwaka haujaisha, watu 19 walinyongwa. Amsomaye Cheever peke yake haioni sababu hiyo.

Hata hivyo, yatupasa kujihadhari. Herufi za mwandishi zimehifadhiwa kwa uaminifu mkubwa, lakini kilichohifadhiwa ni kalamu yake, si kinywa cha Tituba. Msomaji akikuta sentensi pungufu katika majibu, asikimbilie kusema kwamba hiyo ndiyo lahaja ya mtumwa yule. Huenda ni haraka ya mkono uliokuwa ukiandika. Ningependa wahariri wangalilitilia mkazo zaidi jambo hili.

Jambo la mwisho ni la jina. Hati za kesi zamwita Tituba kwa neno la Kiingereza ambalo wakoloni walilitumia kwa wenyeji wa asili wa Amerika. Longfellow, katika tamthilia yake ya mwaka 1868, alimpa baba mweusi. Arthur Miller, mwaka 1953, akamfanya mtumwa mweusi kabisa. Wengi leo wamjua Tituba wa Miller, wala hawamjui wa hati. Mfasiri wa Kiswahili naye ana mtego wake: akiandika "Mhindi" bila maelezo, amempeleka Gujarati, akiandika "mwanamke mweusi", ameiacha mahakama na kuifuata tamthilia. Afadhali aandike "mwenyeji wa asili wa Amerika", ingawa ni maneno mengi. Mwanamke huyu hakuandika hata herufi moja ya habari zake. Basi angalau tusimwongezee uongo mwingine juu ya ule aliolazimika kuusema mwenyewe.