Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Uhakiki wa Filamu ya Carmine Street Guitars

Katika safu hii tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tunawaomba wasomaji wetu watuvumilie tukitoka kidogo nje ya vitabu, tuijadili filamu moja ya hali halisi. Tuliionyesha darasani kwa lengo dogo tu: wanafunzi wa mwaka wa pili waitazame, kisha wasimulie kwa Kiswahili walichokiona. Yaliyotokea baada ya hapo ndiyo yaliyotusukuma kuitazama tena na kuandika makala haya.

Muhtasari

Filamu inaitwa Carmine Street Guitars, yaani Magita ya Mtaa wa Carmine. Ilitolewa mwaka 2018, mwongozaji wake ni Ron Mann wa Kanada, nayo huchukua dakika 80 hivi. Mandhari yake ni duka moja katika eneo la Greenwich Village, jijini New York. Mwenye duka ni fundi Rick Kelly, ambaye hutengeneza magita ya umeme kwa mkono na hatumii simu ya mkononi wala kompyuta. Anaye mwanagenzi wake, msichana aitwaye Cindy Hulej. Yupo pia Dorothy, mama mzazi wa Kelly, ajuza aliyepita miaka 90, ambaye hushika hesabu na kupangusa vumbi.

Msuko wa filamu ni sahili. Tunapitishwa katika wiki moja ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa. Kila siku mlango unafunguliwa, mwanamuziki anaingia, anasalimiana na wenyeji, anatungua gita ukutani na kulijaribu. Miongoni mwa wanaoingia ni Bill Frisell, Marc Ribot, Lenny Kaye, Charlie Sexton na mtengenezaji filamu Jim Jarmusch. Nels Cline, mpigaji gita wa bendi ya Wilco, anakuja kumtafutia zawadi Jeff Tweedy, kiongozi wa bendi hiyo.

Maudhui: kwa nini wanakuja?

Swali linalozuka mapema ni hili: watu hawa wanafuata nini? Si kwamba wamekosa magita. Tena katika jiji kama New York gita jipya hupatikana kwa urahisi, na siku hizi huweza kuagizwa kwa intaneti likaletwa hadi mlangoni. Jibu la filamu ni kwamba wanafuata mbao pamoja na mazungumzo.

Kelly hutumia mbao kuukuu zilizotolewa katika majengo ya New York yanapobomolewa au kukarabatiwa. Baadhi zimetoka katika baa ya McSorley's, iliyoanza mwaka 1854, na nyingine katika Hoteli ya Chelsea. Nyingi ni za msonobari. Anaeleza kwamba utomvu uliomo ndani ya ubao hukauka kadiri miaka inavyopita, ubao ukawa mwepesi na kutetemeka vizuri zaidi nyuzi zinapopigwa. Matundu ya misumari na makovu ya ubao hayafichi. Mwanamuziki anapolipakata gita la namna hiyo, amepakata kipande cha jiji lake. Hapa ndipo dhamira ya filamu inapojitokeza: kitu kilichotumika hubeba kumbukumbu, na fundi ndiye anayeipa kumbukumbu hiyo sauti.

Sehemu iliyotugusa zaidi ni ile ya Bill Frisell. Anaketi na gita na kupiga polepole wimbo wa kundi la Beach Boys, bila kuimba neno. Kelly anasikiliza. Kwa dakika chache hakuna muuzaji wala mnunuzi, wapo watu wawili tu wanaosikiliza kwa pamoja kazi ya mmoja ikizungumza mikononi mwa mwingine. Mwongozaji ametulia hapa, hakuharakisha kamera, na tunampongeza.

Kasoro

Hata hivyo, filamu hii ina kasoro ambayo hatuwezi kuifumbia macho. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwongozaji ameuamini usemi huo kupita kiasi. Anatuonyesha wageni mashuhuri wakiingia mmoja baada ya mwingine, tena kwa mpangilio unaoonekana wazi kuwa umeandaliwa, kana kwamba mapenzi yao yanatosha kulilinda duka.

Historia ya jiji hilo inasema vingine. Duka la Manny's, lililoanza mwaka 1935 na kuhudumia wanamuziki wa vizazi kadhaa, lilifungwa mwaka 2009. Duka la Matt Umanov, lililokuwa katika Greenwich Village hiyohiyo tangu mwaka 1965, lilifunga biashara yake mwishoni mwa mwaka 2017. Mandolin Brothers, kule Staten Island, lilianzishwa mwaka 1971 na likawa kivutio cha wapigaji wa ala za nyuzi kutoka mbali. Nalo lilifungwa mwaka 2017. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokosa wapenzi. Maduka hufungwa kwa sababu ya kodi za pango, uzee wa wenyewe, kubadilika kwa biashara na kukosekana kwa warithi.

Filamu inayagusa mambo haya mara moja tu, pale dalali wa nyumba anapoingia dukani, kwa kuwa jengo la jirani linauzwa. Huyu ndiye mgeni pekee ambaye hakufuata gita, na ujio wake unatia baridi. Tulitarajia filamu imfuate. Badala yake anaondoka, mlango unafungwa, na anayefuata ni mwanamuziki mwingine. Hatuelezwi kodi ya duka ni kiasi gani, wala magita mangapi huuzwa kwa mwezi, ingawa mshika hesabu ameketi palepale mbele ya kamera! Dorothy angeulizwa swali moja tu, filamu ingepata uzito mwingine.

Mgeni siku ya tatu

Usemi wa kwanza unahitaji kukamilishwa na wa pili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanamuziki wote tunaowaona ni wageni wa siku mbili za kwanza. Wanakirimiwa, wanafurahi, wanaaga. Cindy Hulej ndiye mgeni aliyekubali jembe. Aliingia katika kazi iliyozoeleka kuwa ya wanaume, akajifunza kukata, kupiga randa na kusugua kwa msasa, na anayapamba magita kwa michoro anayoichoma kwenye ubao. Yeye pia ndiye anayepiga picha za magita yaliyokamilika na kuziweka katika mtandao, kazi ambayo mwalimu wake haigusi.

Kwa maoni yetu, mhusika mkuu wa kweli ni huyu. Maduka tuliyoyataja yalipata sifa zote isipokuwa mtu wa kuyaendeleza, au hali ya kumwezesha kuyaendeleza. Matukio bora ya filamu ni yale mafupi ambapo Kelly na Cindy wamesimama kwenye meza ya kazi, kila mmoja na ubao wake, wakisemezana kwa maneno machache. Ni bahati mbaya kwamba matukio hayo yanakatizwa kila mara na kubisha hodi kwa mtu maarufu.

Filamu hii na sisi walimu

Sasa turudi darasani. Wanafunzi wetu walizungumza kwa ufasaha kuhusu jiji na urafiki. Walipofika kwenye kazi yenyewe, walikwama. "Alichukua kile kitu akakipitisha juu ya ubao," alisema mmoja. Nyundo na msumari hawakuvikosa, kwa kuwa wengi wao huzungumza Kiluganda, ambamo huitwa ennyondo na omusumaali. Lakini randa, patasi, tupa, keekee na msasa vyote viligeuka "kile kitu". Aliyewaokoa ni mwanafunzi mmoja aliyelelewa karibu na karakana ya seremala.

Tulipata aibu kidogo, kwani kosa halikuwa lao. Sisi walimu hujadiliana kwa bidii juu ya kuunda istilahi mpya, ilhali maneno mengi ya kazi yamekwishakuwapo midomoni mwa mafundi, na hatujawapeleka wanafunzi wetu kuyasikia. Nasi tumekuwa wageni wa siku mbili: tunaisifu lugha, tunaikariri, kisha tunaaga kabla ya kupewa jembe.

Hitimisho

Kwa jumla, Carmine Street Guitars ni filamu nzuri, yenye utulivu na heshima kwa kazi ya mikono. Udhaifu wake ni kuwapa nafasi kubwa wapita njia na kumnyima aliyebaki. Tunaipendekeza kwa walimu wanaofundisha usimulizi na msamiati wa kazi, ila tunawashauri wasiishie kwenye kuitazama. Wakimaliza, wawapeleke wanafunzi kwa seremala aliye karibu, na kila mwanafunzi ashike randa kwa mkono wake kabla ya kuliandika jina lake daftarini.