Utulivu wa Nani? Picha za Kolodioni kwa Jicho la Unyanyembe

Sehemu hii inahakiki kurejea kwa kolodioni, mbinu iliyotangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, katika picha za watu za zama hizi. Bamba hupakwa kolodioni, huchovywa katika nitrati ya fedha, hupigwa picha na kusafishwa likiwa bado na majimaji. Anayepigwa picha hulazimika kutulia kwa sekunde kadhaa. Aidha, kwa kuwa bamba halioni vyema rangi nyekundu na njano, ngozi nyeusi hutokea nyeusi kuliko ilivyo. Mara nyingi mbinu hii husifiwa kuwa hurejesha utu uliopotea katika picha za haraka. Mtafiti anaona kuwa sifa hiyo haina budi kupimwa kwa historia ya Tabora.

Mwaka 1871, huko Unyanyembe, Henry Morton Stanley alizawadiwa mtoto aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley mwenyewe alilifasiri jina hilo kuwa ni mali ya ndugu, kisha akambandika jingine: Kalulu. Mwaka 1872 wawili hao walipigwa picha na London Stereoscopic Company, Stanley akiwa amevaa mavazi ya safari ndani ya studio. Nakala ziliuzwa. Mtoto aliyetolewa kama mali akawa tena bidhaa, mara hii ya karatasi. Kalulu alizama katika Mto Kongo mwaka 1877, picha ingalipo.

Kinyume chake ni Khadija Saye, msanii Mwingereza mwenye asili ya Gambia, aliyeonyesha kazi zake Venice mwaka 2017. Katika mabamba yake ya metali, Saye ndiye msanii na ndiye anayetazamwa. Vitu alivyoshika ni vya imani za kwao. Kemikali ni ileile na sekunde ni zilezile, ila utulivu wake haukuamriwa na mtu.

Kwa mantiki hiyo, ukale wa mbinu si kipimo cha utu. Kipimo ni nani aliyeamua mkao, na bamba linabaki kwa nani. Bamba la metali halina nakala. Mpigapicha atakayepita leo njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, akaondoka na bamba pekee, atakuwa amerudia safari ileile ya misafara: kilicho cha thamani kinaelekea pwani, na mwenyewe anabaki mikono mitupu.