Rilei Inalia, Betri Haijai

Mpelekee fundi wa umeme gari la kulala ndani, iwe Karatina, Nyeri au Nanyuki, umwambie betri ya pili haifiki asubuhi. Jibu la haraka huwa moja: betri imekufa, nunua nyingine. Pengine imekufa kweli, lakini kabla ya kuizika ni vizuri kuuliza kilichoiua. Isipojulikana, mpya nayo itakufa vilevile.

Chukua Toyota Hiace iliyotolewa viti ikawekwa kitanda, taa na friji ya kompresa. Mbele ina betri ya kuwashia injini, na nyuma ina ya pili, ya friji na taa. Kati ya betri hizo kuna rilei. Injini ikizunguka, rilei huziunganisha ili alteneta izichaji zote mbili. Injini ikizimwa, huzitenganisha ili friji isinyonye ile ya mbele usiku kucha.

Anza na mita. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au zaidi kidogo; ikisoma 12.2, imebaki kama nusu. Sasa washa injini upime tena. Ya mbele ikisoma 14.2 na ya nyuma 12.4, mwache alteneta apumzike, hana kosa. Zile volti karibu 2 zinapotelea njiani, na kazi iliyobaki ni kutafuta wapi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Fundi anageuza ufunguo, rilei inalia “ta!”, naye anatangaza kwamba ni nzima. Mlio huo ni wa koili, inayotumia sehemu ndogo tu ya ampea moja kupitia pini 85 na 86. Mzigo wenyewe hupita kwenye vibati vya ndani, kati ya pini 30 na 87. Vibati vikiungua, koili itaendelea kulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Hata mita inaweza kukudanganya: bila mzigo haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo itasoma volti 12 hata kwenye waya uliobaki uzi mmoja.

Dawa ni kupima wakati umeme unapita. Injini ikizunguka, washa friji, au funga kwenye betri ya nyuma balbu ya taa kubwa ya wati 55, inayovuta zaidi ya ampea 4. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye pini 30 na nyingine kwenye 87. Rilei nzima itaonyesha karibu sifuri. Ukiona nusu volti, umempata mwizi. Usipoona kitu, sogea mbele: fyuzi na vishikio vyake, kila kiungo cha waya, mwisho athi, pale waya mweusi unapofungwa kwenye bodi yenye rangi na kutu. Athi husahaulika kuliko vyote.

Waya wenyewe pia ni mshukiwa. Shaba ya milimita za mraba 2.5, urefu wa mita 5, ikipitisha ampea 20, hupoteza takriban volti 0.7. Ya milimita 16 hupoteza 0.1 tu. Kwa betri inayohitaji volti 14 na ushei ili ijae, tofauti hiyo ndiyo huamua kama itajaa au la.

Kwa nini vibati viliungua? Mara nyingi koili imefungwa kwenye waya wa ufunguo, kwa kuwa ndio ulio karibu. Ufunguo ukigeuzwa, betri mbili zinaungana kabla injini haijawaka, na stata inayovuta mamia ya ampea inakwenda kukopa nyuma kupitia rilei ya ampea 30. Vibati ama vinaungua, ama vinagandana. Vikigandana, friji inamaliza betri zote mbili na asubuhi unasukuma gari. Koili ichukue umeme kutoka waya wa alteneta unaozima taa ya betri kwenye dashibodi, au tumia rilei inayojifunga yenyewe volti zikipanda. Magari mapya ambayo alteneta yake hushusha volti ili kuokoa mafuta huihadaa rilei ya namna hiyo. Hayo yanahitaji chaja ya kupandisha volti.

Eneo letu lina ugumu wake. Kutoka Nyeri hadi Naro Moru ni safari isiyofika saa moja. Friji ikivuta wastani wa ampea 2 kwa saa 12, imekula ampea-saa 24, na kwa safari hiyo hata nyaya safi haziwezi kurudisha deni lote, kwani betri ya asidi hupokea polepole inapokaribia kujaa. Baridi ya kando ya Mlima Kenya inaipunguzia nguvu na kuifanya idai volti zaidi za kuchajia, na mawingu ya Julai hayaisaidii paneli ya jua, kama unayo. Anayelala kwenye lango la Sirimon la mlima huo siku kadhaa bila kuwasha injini awe na akiba kubwa.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, mwambie akuandikie vipimo vitatu, injini ikizunguka na friji ikiwa imewashwa: volti za betri ya mbele, volti za betri ya nyuma, na zinazopotea kati ya pini 30 na 87. Akikataa kupima na kushikilia kukuuzia betri, tafuta fundi mwingine.